Treni ya Saa Mbili na Dakika Kumi

Jumatano, 4 Juni

Redio imetangaza kwamba msimu wa mvua umeanza, kana kwamba sisi hatuna macho. Tangu alfajiri maji yanatiririka kwenye bati la duka. Wateja watatu tu, mmoja wao Mzee Ogata, ambaye huja kila Jumatano kunyolewa kichwa kisicho na nywele. Anasema yeye anafuata taulo ya moto na umbea.

Jioni Fusae alileta kapu la plamu mbichi. Mti ni wake, mitungi ni yangu, chumvi tunagawana, na ndivyo tunavyofanya kila mwaka tangu tuolewe mtaa huu. Tulikaa jikoni tukitoa vikonyo kwa ncha ya kijiti. Akainua macho akaitazama picha iliyobandikwa juu ya sinki, ile niliyoikata gazetini miaka kumi na moja iliyopita: mgahawa wa kahawa wa Suzuran, Osaka, keki mbili nene za kikaangoni na kipande cha siagi kikiyeyuka.

"Tarehe kumi na sita, shoga," akasema. "Jumatatu. Safari hii hata mbingu zianguke."

"Mbingu zimeshaambiwa zianguke mara nne."

Akacheka mpaka kapu likapinduka. Tuliahidiana zamani sana kwamba Osaka tutaiona pamoja, mimi na yeye, bila waume wala wakwe. Mimi nimeipita mara moja tu maishani, ndani ya basi la shule, nikiwa nimelala.

Jumamosi, 7 Juni

Ukungu umeingia kwenye droo za dukani. Nimetoa vitu vyote nikavifuta kwa siki, na hatimaye ikabidi niifungue droo ya mume wangu Yoshiharu, ambayo sijaigusa tangu tumzike Novemba. Nyembe zake, mkanda wake wa kunolea, dawa ya kikohozi. Chini kabisa, ratiba ya treni ya mwaka jana, imekunjwa ndani ya kikaratasi cha kijani chenye picha ya daraja. Treni moja ya kwenda Osaka, ya saa mbili na dakika kumi asubuhi, ameizungushia duara kwa penseli nyekundu.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia kidogo. Mwaka jana, Aprili, alikuwa anafagia nywele akasema bila kunitazama, "Misao, Jumatatu twende Osaka. Mimi na wewe." Yoshi hakuwa mtu wa kusema twende. Nikamjibu, "Siwezi. Nimeshaahidiana na mtu." Nilitaka Osaka niione mara ya kwanza na Fusae, kama tulivyoahidiana. Ahadi ni deni.

Baada ya siku mbili akaniuliza, "Huyo mtu wako, una hakika naye?" Nilimgombeza. Nikamwambia wivu wa mwanamume mzima unachekesha. Hakulitaja tena. Novemba moyo wake ukasimama akiwa amebeba ndoo ya maji.

Jumatatu, 9 Juni

Plamu zimeiva rangi ya manjano. Nimezitia chumvi na kuzikandamiza kwa mawe. Mvua.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua. Fusae amepita kuuliza kama nitavaa viatu vya kijivu au vyeusi. Vya kijivu.

Jumapili, 15 Juni

Simu ililia saa kumi na moja jioni, begi likiwa tayari mlangoni.

"Shoga, kiuno. Nimeinama kuokota sabuni, kikakataa kuinuka nami."

Nikasema pole.

"Usikasirike. Mvua ikiisha tutakwenda, naapa. Kwani Osaka inahama?"

Nikasema haihami. Nikauliza kama amejipaka dawa, akasema ndiyo, akaguna ili nisikie. Nikaweka simu chini nikakaa kizingitini pembeni ya begi.

Vinyozi hatufungui Jumatatu, na Jumanne ya tatu ya mwezi nayo ni mapumziko. Siku mbili mfululizo nazipata mara moja kwa mwezi. Chumba nimeshakiagiza. Nina miaka hamsini na minane, na tangu Novemba nakula peke yangu, naoga peke yangu, nazungumza na picha. Sioni kwa nini kupanda treni peke yangu kuwe jambo la ajabu.

Kesho naenda.

Jumatatu, 16 Juni. Osaka, chumbani, saa moja jioni

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipoandika kwa mpangilio nitaandika matusi.

Nilipanda treni ya saa mbili na dakika kumi, ile ya duara jekundu. Nilikaa dirishani na mwavuli katikati ya magoti. Mashamba ya mpunga yote yamejaa maji. Kila kituo nilijiambia bado ninaweza kushuka nirudi, na kila kituo sikushuka.

Kituo cha Osaka kimejengwa na watu wasiotaka mtu atoke. Nilizunguka njia za chini ya ardhi nikapita duka lile lile la mikate mara tatu, hadi mwuzaji akaanza kunisalimia. Kwenye ngazi za umeme nilisimama katikati kwa usalama wangu. Mama mmoja mnene nyuma yangu akapaza sauti:

"Dada, umepandwa hapo? Simama kulia! Kushoto ni kwa wenye haraka ya kwenda kufa!"

Nilisogea uso ukiwaka. Tulipofika juu nikadhani ataniongezea, kumbe anapekua mkoba. Akanitia peremende ya ndimu mkononi.

"Mgeni?"

"Natoka Uranishi, upande wa bahari ya kaskazini."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Afadhali! Ukitembea na mwenzio unaona mgongo wake tu. Haya, tokea pale, kuna njia yenye paa, hulowi mpaka uchoke."

Kweli. Barabara ya maduka yenye paa, ndefu hata mwisho hauonekani, mvua inapiga juu na mimi chini mkavu. Nilinunua vitumbua vya pweza nikaungua ulimi, mwuzaji akanicheka, nami nikacheka. Niliingia kwa kinyozi mmoja nikijifanya nauliza njia, ili nione viti vyake. Viti vyangu ni vizuri zaidi. Nilimtazama mtu akinoa visu. Niligeuka kushoto pale nilipotaka kushoto, na hakuna aliyeniambia, "Njoo huku, Misao, huko hakuna kitu." Nilifurahi. Saa nzima ilipita sijamkumbuka Fusae, na nilipomkumbuka niliona haya, nikaingia duka la dawa nikamnunulia plasta za kiuno, zile nzito za joto.

Saa tisa nikafika Suzuran.

Ni padogo kuliko pichani. Mwenye mgahawa ni mzee mwembamba, aproni imepigwa pasi mpaka inang'aa. Niliagiza keki ile ile. Mezani palikuwa na daftari la wageni, kila mtu anaandika alikotoka na neno lake. Nilimuuliza mzee kama anayatupa yakijaa.

"Nitupe watu?" akasema. Akanionyesha rafu. "Yamepangwa kwa mwaka. Soma, keki inachukua dakika ishirini."

Nilichukua la mwaka jana. Nilitaka kuona mwezi wa Aprili, ile Jumatatu aliyoitaka Yoshi. Nilitaka kujua nani alikaa mahali petu siku hiyo, na kama mvua ilinyesha. Hilo tu ndilo nililotaka.

Nikafungua Februari kwa bahati mbaya, nikaona mwandiko wa Fusae.

Mwandiko wake naujua. Yeye ndiye anayeandika majina kwenye bahasha za rambirambi za mtaa mzima. Yangu aliiandika Novemba, tulipomzika Yoshi. Nimenakili neno kwa neno:

"17 Februari. Hatimaye! Fusae na Kinuyo kutoka Uranishi. Nje theluji ya maji, ndani tunacheka mpaka mzee ametuonya. Keki ni nene kama mto wa kulalia. Tuna rafiki yetu mwenye picha ya hapa jikoni kwake, ndiye aliyetufundisha mahali. Tumemwacha nyumbani, si mtu wa safari. Tutarudi!"

Kinuyo ni wa duka la tofu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Februari. Yoshi aliniambia twende Aprili. Miezi miwili baada ya mtu wangu kula keki hii, mimi nilimnyima mume wangu safari ya pekee aliyowahi kuniomba, ili nisimtangulie mtu wangu.

Keki ikaja. Siagi ilikuwa inayeyuka vilevile kama pichani. Niliila yote. Sijui kwa nini niliila yote.

"Imekupendeza?" mzee akauliza.

"Sana," nikasema. Nikachukua daftari la mwaka huu nikaandika: "16 Juni. Misao kutoka Uranishi. Nimekuja peke yangu." Kalamu ilitoboa karatasi.

Jumanne, 17 Juni. Nyumbani

Sikutembea popote. Nilikaa kituoni nikisubiri treni, na njia nzima nilikuwa nakumbuka. Kwetu huwezi kusafiri ukarudi mikono mitupu. Hata aliyekwenda mjini kung'oa jino hurudi na boksi la vitamu kwa majirani. Fusae na Kinuyo hawawezi kuwa walirudi bila kitu. Basi vitamu vililiwa. Na nani? Nikakumbuka siku moja ya baridi mwaka jana, nimeingia ukumbi wa mtaa, wanawake wamezunguka meza, na Kinuyo hakuitikia salamu yangu. Alitikisa kichwa tu. Shavu lake lilikuwa limevimba upande mmoja. Nilimuuliza kama jino linamuuma, wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Mimi pia nilinunua boksi kituoni, la kwanza nililoliona, maana desturi ni desturi. Nilipofika nikalifungua ili cha kwanza nimpe Yoshi, mbele ya picha yake kwenye kabati la marehemu. "Cha Osaka hiki," nikamwambia, "wewe hukuwahi kuonja." Kisha nikakitazama vizuri. Kijikeki cha maharage matamu, kimefungwa peke yake kwa karatasi ya kijani yenye picha ya daraja.

Nilikwenda dukani nikafungua droo. Ni karatasi ile ile.

Alikula. Alijua. Mtaa mzima ulijua, na mume wangu alikaa nami meza moja miezi tisa akijua, na utamu ule aliuonja kama wao. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi nguo yenyewe ndiyo iliyonila.

Nimekiondoa kijikeki mbele yake.

Jumatano, 18 Juni

Nimepeleka boksi ukumbini. Nimeliweka katikati ya meza, nikasema, "Karibuni, vya Osaka." Wanawake kumi na mmoja wakaitazama ile karatasi ya kijani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kinuyo, wewe hujui ladha yake?" nikauliza.

Kinuyo akasema tofu iko motoni, akatoka bila mwavuli.

Mzee Ogata amekuja kama kawaida. Amelalamika: "Leo taulo ina moto ila maneno yamepoa." Nikaendelea kumnyoa. Asubuhi sijampa Yoshi chai, ile ninayomwekea kila siku mbele ya picha yake.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua. Sijampa chai.

Ijumaa, 20 Juni

Sijampa chai wala wali. Fusae hajaonekana. Wanasema kiuno.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua kubwa, barabara ya chini imefungwa. Nimeitoa ile picha ya keki jikoni. Ukuta chini yake ni mweupe, pengine pote pamekuwa rangi ya chai. Nimeuacha hivyo.

Nilidhani mimi ni mtu wanayempenda. Sasa kila anayenisalimia najiuliza alikula vingapi.

Jumatano, 25 Juni

Leo nimemuuliza. Mzee Ogata alikuwa amelala kwenye kiti, povu mpaka masikioni, na wembe ulikuwa kooni pake.

"Mzee, Februari mwaka jana. Vijikeki vya karatasi ya kijani."

Koromeo lake likapanda likashuka.

"Mama kinyozi, toa wembe kwanza ndipo tuzungumze."

"Zungumza hivyo hivyo. Mkono wangu haujawahi kutetemeka."

Akafumba macho. "Viliwekwa ukumbini. Fusae akasema, 'Msimpe Misao wala msimwambie, ataumia.' Tukaona ni huruma. Mtu hataki kuwa yeye wa kwanza kumuumiza mwenzake, basi kila mmoja akamwachia mwingine. Na vilikuwa vitamu, nisiseme uongo."

"Na Yoshi?"

"Yoshi aliingia kuleta viti. Fusae hayupo, Kinuyo ndiye aliyempa. Kakitia mdomoni chote ndipo akauliza kimetoka wapi. Kinuyo, mdomo wake si unaujua, akamwaga yote. Yoshi akasimama pale na shavu limejaa, hawezi kumeza, hawezi kutema. Sijawahi kumwona mtu akila kitu kitamu kwa uso ule."

Nikampangusa povu sikioni kwa mkono wa pili. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kisha akameza. Akaikunja karatasi yake vizuri akaitia mfukoni. Akaniuliza, 'Ogata, wewe uliwahi kufanya kazi reli. Treni ya asubuhi ya Osaka inaondoka saa ngapi?' Nikamwambia nitamtafutia ratiba. Sasa mama, nakuomba, wembe."

Nilimaliza kumnyoa. Sikumkwaruza hata mara moja. Alipoondoka nikafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Hakuweza kuniambia, basi akataka kunipeleka. Nami nikamwambia wivu wa mwanamume mzima unachekesha.

Yoshi, nimekukasirikia bado. Ungesema. Neno moja tu ungesema. Lakini nimekupa chai, na kijikeki nimekirudisha mbele yako, ingawa kimekauka.

Jumanne, 1 Julai

Mvua. Chai, wali, plamu ya mwaka jana.

Jumapili, 6 Julai

Fusae amekuja. Nilimwona dirishani akivuka barabara, anaruka madimbwi kama mbuzi. Alipofika kwenye kizingiti akashika kiuno.

Nikaingia ndani, nikamletea zile plasta. "Za kiuno," nikasema. "Nilikununulia kabla ya saa tisa, kabla sijafungua daftari la Suzuran."

Alizitazama. Akaketi kizingitini, akauacha mkono wa kiuno ushuke.

"Kwa nini, Fusae?"

"Ningekwambiaje? Kila nikija na neno mdomoni, unanionyesha ile picha."

"Sikuulizi kwa nini hukusema. Nakuuliza kwa nini ulikwenda."

Akasema kwa hasira, na ile hasira ndiyo niliyoiamini. "Kwa sababu Kinuyo aliniambia jana yake tu, 'Twende kesho?' nami nikasema twende. Wewe huendi hivyo, Misao. Wewe ungeuliza choo kiko upande gani wa kila kituo. Mwenda pole hajikwai, lakini wewe hata hufiki! Nilitaka siku moja nisimshike mtu mkono."

"Nimefika," nikasema. "Bila mkono wako."

"Na juzi, ningekwenda nawe vipi? Nikae kwenye meza ile, nijifanye naiona mara ya kwanza? Naweza kusema uongo kwenye simu, shoga. Mbele ya ile keki nisingeweza."

Iliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Mimi ni mtu wa kuuliza choo. Lakini nilikuwa na lingine la kumwambia, na nililisema polepole ili asikie kila neno.

"Aprili mwaka jana Yoshi aliniambia twende Osaka. Nilimkatalia. Nilimwambia nimeshaahidiana na mtu."

Hakujua. Niliona usoni mwake kwamba hakujua. Alijifunika mdomo kwa kiganja.

"Misao, hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Niliona ni jambo dogo. Nilikuwa na wewe."

Alilia. Mimi sikulia. Nilimpa kitambaa cha kujifutia, nikamsindikiza hadi mlangoni, nikamwambia njia inateleza. Alisahau plasta, au aliziacha. Usiku nimejibandika mwenyewe. Kusimama kutwa kunauma.

Ijumaa, 11 Julai

Mvua na upepo. Kinuyo ameacha tofu mbili mlangoni, bila neno. Nimezila. Tofu haina kosa.

Jumapili, 20 Julai

Redio imetangaza kwamba msimu wa mvua umekwisha, na safari hii hata mimi nimeamini. Mbingu haina doa. Nimezitoa plamu kwenye mtungi nikazitandaza juani kwenye tandiko la mianzi, nyekundu, zimesinyaa vizuri. Zinataka siku tatu za jua, kugeuzwa moja moja. Miaka yote tumezigeuza mikono minne. Nusu ni za Fusae, na nitampelekea nusu yake. Sitamwonea kwa plamu.

Jana nilikwenda kituoni kukata tikiti za kesho, viti viwili vya dirishani vinavyotazamana. Karani akauliza jina la msafiri wa pili. Nikamwambia cha pili ni cha mzigo. Nitaiweka picha ya Yoshi pale, na mwavuli wake, na nikifika Suzuran nitaagiza keki mbili.

Fusae alikuja leo saa nne asubuhi, kofia kichwani, akasimama upande wa pili wa tandiko. Amekonda kidogo.

"Mvua imekwisha, shoga," akasema. "Nilikuapia. Twende kesho. Mimi na wewe tu, na uulize vyoo vyote unavyotaka."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba safari hii nilimwamini.

"Siwezi," nikamwambia. "Nimeshaahidiana na mtu."

Alisimama pale muda mrefu, kivuli chake kikiwa juu ya plamu. Nikamwomba asogee kidogo, zipate jua.